Margaret Bourke-White: Aliipiga picha dunia, akashindana na mwili wake

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Juni mwaka 1959, wasomaji wa jarida la Life nchini Marekani walikutana na jambo ambalo hawakulizoea. Mwanamke ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akiwaletea picha za vita, viwanda, njaa na viongozi wakubwa wa dunia, safari hii alikuwa yeye mwenyewe ndani ya picha.

Hakuwa ameshika kamera. Alikuwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa ubongo, akijifunza upya kuutumia mwili wake kama mtoto anayeanza kutembea.

Mwanamke huyo ni Margaret Bourke-White, mmoja wa wapigapicha wa habari waliojulikana kuliko wote katika karne ya 20. Aliyempiga picha hizo ni mwenzake kazini, Alfred Eisenstaedt. Makala yaliyoambatana nazo yalitangaza siri aliyokuwa ameitunza kwa miaka kadhaa: alikuwa akiugua ugonjwa wa Parkinson.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, jina la ugonjwa huu lilisikika zaidi kupitia bondia Muhammad Ali, aliyegunduliwa kuwa nao mwaka 1984, na baadaye kupitia Papa Yohane Paulo wa Pili. Lakini maradhi yenyewe ni ya zamani. Yalielezwa kitabibu mwaka 1817 na daktari wa London, James Parkinson, ambaye jina lake ndilo yanayobeba hadi leo.

Chanzo chake ni kufa taratibu kwa seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huuwezesha mwili kwenda kwa ulaini. Kemikali hiyo inapopungua, mkono hutetemeka, misuli hukakamaa, hatua hufupika, mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia na uso hukosa bashasha.

Hata hivyo, wataalamu wamekuwa wakijiuliza swali jingine lisilohusu mikono wala miguu. Kwa nini wagonjwa wawili wenye dalili zinazolingana huishi maisha tofauti kabisa, mmoja akiwa na utulivu na mwingine akiwa na uchungu usiokwisha?

Sehemu ya jibu, kwa mujibu wa tafiti za miongo ya karibuni, ipo katika tabia ya mgonjwa mwenyewe. Sehemu nyingine ipo katika tabia ya yule anayemuuguza. Maisha ya Bourke-White yanalionyesha jambo hilo kwa uwazi, kwa sababu tabia ile ile iliyompandisha hadi kileleni ndiyo iliyompa nguvu ya kupambana na maradhi, na ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya ayabebe peke yake kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Binti wa mhandisi

Margaret alizaliwa Juni 14, 1904 katika eneo la Bronx, jijini New York, akakulia katika jimbo la New Jersey. Baba yake, Joseph White, alikuwa mhandisi na mvumbuzi wa mitambo ya kuchapia. Alikuwa mtu wa maneno machache, ambaye angeweza kukaa mezani na familia yake huku mawazo yote yakiwa kwenye mtambo anaoubuni. Kazi kwake ilikuwa kama ibada, na kosa dogo lilimnyima usingizi.

Mama yake, Minnie Bourke, mwenye asili ya Ireland, aliwalea watoto wake watatu kwa nidhamu kali. Aliwafundisha kutoogopa giza, kutoogopa nyoka, na kutoichagua njia nyepesi pale ambapo ngumu ipo. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza mapema kwamba hofu ni kitu cha kushindwa, na kwamba kuomba msaada ni kukiri udhaifu.

Akiwa mdogo, baba yake alimpeleka kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma. Kuona chuma kikitiririka kama moto wa maji kulimkaa akilini maisha yake yote.

Baba huyo alifariki dunia mwaka 1922, binti akiwa bado mwanafunzi. Margaret alihama vyuo kadhaa, akasoma upigaji picha kwa muda mfupi mjini New York, akavutiwa na elimu ya wanyama watambaao, kisha mwaka 1924 akaolewa na mwanafunzi wa uhandisi, Everett Chapman. Ndoa hiyo ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 1927 alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell, ambako aliuza picha za majengo ya chuo ili kujipatia fedha za kujikimu.

Kazi mbele, mengine nyuma

Baada ya kuhitimu alihamia mji wa Cleveland na kurudi kwenye mapenzi yake ya utotoni. Aliingia katika kiwanda cha chuma cha Otis, mahali ambapo wanawake hawakutarajiwa kabisa, akapiga picha za tanuri katika joto kali na giza lililozishinda filamu za wakati ule. Alishindwa, akarudia, akashindwa tena, akarudia mpaka alipofaulu.

Picha hizo zilimfikia mchapishaji Henry Luce, aliyemwajiri mwaka 1929 katika jarida jipya la Fortune. Mwaka uliofuata alikwenda Urusi ya Kisovieti, akawa mpigapicha wa kwanza kutoka nchi za Magharibi kuruhusiwa kupiga picha za viwanda vya nchi hiyo. Luce alipoanzisha Life, toleo la kwanza la Novemba 23, 1936 lilikuwa na picha ya Bourke-White katika ukurasa wa mbele, ikionyesha bwawa la Fort Peck katika jimbo la Montana.

Mwaka 1937 alitoa pamoja na mwandishi Erskine Caldwell kitabu kuhusu maisha ya wakulima maskini wa kusini mwa Marekani. Wawili hao walioana mwaka 1939 na kuachana mwaka 1942. Hakuolewa tena, wala hakujaliwa mtoto. Simu ya mhariri ilipolia, sanduku lake la safari lilikuwa tayari.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta kazini. Mwaka 1941 alikuwa Moscow mabomu ya Wajerumani yalipoanza kuangukia mji huo. Mwishoni mwa mwaka 1942, meli aliyopanda kwenda Afrika Kaskazini ilipigwa kombora na nyambizi, akaokoka ndani ya mashua ya kujiokolea. Wiki chache baadaye, Januari 1943, alipanda ndege ya kivita ya Marekani iliyokwenda kushambulia uwanja wa ndege huko Tunisia. Aprili 1945 aliingia katika kambi ya mateso ya Buchenwald nchini Ujerumani, na picha alizopiga humo ni miongoni mwa zilizouonyesha ulimwengu ukatili wa utawala wa Hitler.

Wapo wenzake waliomwona mgumu, mwenye kudai kila kitu kifanyike kwa namna yake na kwa wakati wake. Wapo waliomhusudu. Lakini wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mama huyo hakujua kukata tamaa.

Gurudumu la Gandhi, kina cha Johannesburg

Baada ya vita alikwenda India, iliyokuwa ikijiandaa kupata uhuru. Mwaka 1946 alipiga picha mashuhuri ya Mahatma Gandhi akisoma, gurudumu lake la kusokotea pamba likiwa mbele yake. Kabla ya kuruhusiwa kupiga picha hiyo alitakiwa kwanza ajifunze yeye mwenyewe kusokota uzi. Alikaa chini akajifunza, ingawa uzi wake ulikatika mara kwa mara. Januari 30, 1948 alifanya mahojiano na Gandhi, na saa chache baadaye kiongozi huyo akauawa kwa kupigwa risasi. Katika filamu ya Gandhi ya mwaka 1982, mama huyu ni mmoja wa wahusika.

Kati ya mwaka 1949 na 1950 alikuwa Afrika Kusini, ambako serikali ya makaburu ilikuwa ikiujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi. Mjini Johannesburg aliteremka chini kabisa ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Robinson Deep. Huko, katika joto la kutisha, aliwapiga picha wachimbaji wawili Waafrika, vifua wazi, jasho likiwatiririka, macho yakiwa mbali.

Aliambiwa kwamba wachimbaji hao walitambulika mgodini kwa namba tu, 1139 na 5122. Picha hiyo aliihesabu kuwa miongoni mwa zile alizozipenda kuliko nyingine zote. Mtu anayepewa namba badala ya jina, alionekana kusema kwa kamera yake, bado ana uso.

Mwaka 1952 alitumwa Korea. Badala ya kufuata mapambano ya majeshi, alifuata familia zilizogawanyika ndugu kwa ndugu. Alimsindikiza kijana mmoja aliyekuwa mpiganaji wa msituni akirejea kwao, akapiga picha ya mama akimpokea mwanawe aliyemdhania amekufa. Ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho akiwa na mwili mzima.

Maumivu hafifu mguuni

Ilikuwa katika kipindi hicho, akikaribia umri wa miaka 50, alipoanza kuhisi maumivu hafifu katika mguu wa kushoto, hasa alipopanda ngazi. Kisha ikaja siku akainuka kitini na hatua zake za kwanza zikayumba. Hatua chache mbele akawa sawa. Alidhani ni uchovu wa safari.

Haukuwa uchovu. Taratibu mkono wa kushoto nao ukaanza kukakamaa. Kazi ya mpigapicha wa siku hizo ilitegemea vidole: kuingiza filamu, kubadili lenzi, kuzungusha kitufe kidogo gizani. Hakuna maradhi ambayo yangemlenga mtu huyu mahali panapouma zaidi.

Madaktari walipoutambua ugonjwa, hapakuwa na dawa ya maana ya kumpa. Alichopewa ni mazoezi. Hapo ndipo ile tabia aliyolelewa nayo ilipojitokeza kwa nguvu zake zote. Katika kituo cha tiba ya viungo jijini New York alifundishwa kukamua taulo zilizolowa maji, na kufinyanga kurasa za gazeti moja baada ya nyingine hadi ziwe mipira midogo. Alifinyanga magazeti nyumbani, akafinyanga magazeti safarini. Alitembea maili kadhaa kila siku katika mvua na theluji.

Mtaalamu aliyemfundisha mazoezi hakuwa mtu wa kumwonea huruma. Alimpa kazi, akamtaka airudie. Kwa mgonjwa mwingine, ukali huo ungekuwa mzigo. Kwa Bourke-White ulikuwa dawa, kwa sababu ulimtendea kama alivyojitendea mwenyewe: mtu mwenye jukumu la kutimiza.

Hapa pana somo ambalo tafiti za baadaye zimelikaribia kwa njia zake. Anayeuguza hafanikiwi kwa wema tu. Hufanikiwa pale ambapo namna yake ya kusaidia inaoana na namna mgonjwa alivyo. Mgonjwa mwenye kupenda kujitegemea hudhoofika moyo akifanyiwa kila kitu, na mgonjwa mwenye wasiwasi mwingi hudhoofika akiachwa ahangaike peke yake.

Mficha maradhi

Lakini ujasiri huo ulikuwa na upande wa pili. Kwa miaka kadhaa Bourke-White alilificha jina la ugonjwa wake. Aliogopa kwamba wahariri wakijua hawatampa kazi, na kwamba watu wataanza kumtazama kwa jicho la huruma. Waliojua ukweli walikuwa wachache.

Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika ugonjwa wa Parkinson, kinachoumbua huja mapema zaidi kuliko kifo. Mwili wenyewe hutoa siri. Na jitihada za kuficha huongeza mateso, maana wasiwasi na haraka huzidisha kutetemeka. Mtu anayeogopa mkono wake usionekane ukitetemeka huufanya utetemeke zaidi.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wanaouguza wagonjwa wa aina hii hadi leo. Misuli ya uso inapokakamaa, mgonjwa huonekana hana furaha wala shukrani, hata kama moyoni anazo zote mbili. Mke au mume, binti au dada, hukaa mbele ya uso usiotabasamu na kudhani amechukiwa. Asiyeelezwa kwamba huo ni ugonjwa, na si tabia, huumia bila sababu, na uchungu wake humrudia mgonjwa.

Pamoja na hayo, huzuni kubwa ni sehemu ya maradhi yenyewe kwa wagonjwa wengi, kwa sababu mabadiliko ya ubongo hayaishii kwenye misuli. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba huzuni na wasiwasi huvuruga raha ya mgonjwa pengine kuliko hata kutetemeka, na kwamba mzigo wa anayeuguza huongezeka zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya akili na hisia ya mgonjwa kuliko kwa sababu ya ugumu wa viungo.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi ya madaktari waliandika kwamba wagonjwa wa Parkinson huelekea kuwa watu wenye bidii, waangalifu na wagumu kubadilika, hata kabla ya kuugua. Hoja hiyo bado ina ubishi, na Bourke-White anaipa changamoto: bidii alikuwa nayo tele, lakini mtu aliyepanda ndege ya kivita kwa hiari yake hawezi kuitwa mwoga wa mambo mapya.

Kilicho na ushahidi zaidi ni kwamba watu wenye mwelekeo wa wasiwasi, wawe wagonjwa au wanaouguza, huuhisi ugonjwa kuwa mzito zaidi. Wenye matumaini na wenye kujiona wana la kufanya huvumilia vizuri zaidi. Bourke-White alikuwa wa kundi hilo la pili. Alichokosa kwa muda mrefu ni mtu wa kumshirikisha.

Upasuaji na kuvunja ukimya

Mwaka 1957 alifanya kazi zake za mwisho kwa ajili ya Life. Januari 1959 alikubali kufanyiwa upasuaji na daktari wa New York, Irving Cooper, aliyekuwa akijulikana kwa kuwatibu wagonjwa wa Parkinson kwa kuharibu kwa makusudi sehemu ndogo sana ndani ya ubongo, ile inayochochea kutetemeka na kukakamaa.

Operesheni za aina hiyo zilifanywa mgonjwa akiwa macho, ili daktari aweze kumtaka ainue mkono au akunje vidole na kuona matokeo pale pale. Ilikuwa tiba ya hatari. Kwa mwanamke aliyezoea kukaa nyuma ya kamera na kuamua nini kionekane, kulala pale huku wengine wakimtazama kulihitaji ujasiri wa namna nyingine kabisa, ujasiri wa kujiachia mikononi mwa watu.

Upasuaji ulifaulu. Mkono na mguu wa kushoto vililegea. Kilichofuata ni miezi ya mazoezi ya kutembea, kushika na kuandika.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao pengine ulikuwa mkubwa kuliko upasuaji wenyewe. Alikubali hadithi yake ichapishwe. Alimruhusu Eisenstaedt ampige picha akiwa dhaifu, na yeye mwenyewe akaandika. Mapema mwaka 1960 maisha yake yakaonyeshwa kama mchezo wa kuigiza katika televisheni ya Marekani.

Wakati huo watu wengi mashuhuri waliyaficha maradhi yao kama aibu ya ukoo. Mwanamke maarufu alipojitokeza na kulitaja lake kwa jina, wagonjwa waliokuwa wamejifungia ndani walijiona wana mwenzao. Yeye naye alipata kitu ambacho mazoezi hayakuweza kumpa. Hakuhitaji tena kutumia nusu ya nguvu zake kuficha nusu nyingine.

Mwaka 1961 alifanyiwa upasuaji wa pili. Kutetemeka kulitulia, lakini sauti ikaathirika na matamshi yake yakawa magumu kueleweka. Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1963 alichapisha kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa miaka mingi huku ugonjwa ukiendelea, na ndani yake akalipa Parkinson nafasi yake bila kujihurumia.

Nyumba ya Darien

Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba yake mjini Darien, jimbo la Connecticut, iliyozungukwa na miti. Ukuta mmoja wa sebuleni ulifunikwa na picha kubwa ya msitu aliyoipiga Czechoslovakia kabla ya vita. Ni kana kwamba alikuwa amejiandalia mapema safari ambazo miguu haingeweza tena kumpeleka.

Hakuwa na mume wa kumgeuza kitandani wala mtoto wa kumlisha. Waliomhudumia walikuwa watu wa kulipwa, na si wote waliokuwa waangalifu. Ukarimu wake kwa wengine ulikuwa umepunguza akiba yake, na mpango wa pensheni alioujiwekea katika miaka ya 1950 haukutosha tena kulipia gharama za matunzo. Mtu aliyejitegemea maisha yake yote alijikuta akitegemea wasiomjua, katika wakati ambao hata maneno ya kueleza anachotaka yalikuwa yakimtoka kwa shida.

Hapo ndipo linapoonekana upya swali la tabia ya anayeuguza. Mgonjwa wa Parkinson huhitaji mtu mwenye subira ya kumngoja amalize sentensi, asimmalizie. Huhitaji mtu wa kumngoja afunge kifungo cha shati kwa dakika tano, na mwenye busara ya kujua ni siku gani afungiwe. Subira hiyo hainunuliwi kwa mshahara pekee, wala haiji yenyewe kwa sababu tu ya undugu. Anayeuguza naye huchoka, huogopa na hukasirika, na asipopata wa kumpokea zamu, upendo wake hugeuka kuwa uchungu.

Dawa ya levodopa, inayogeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, ilionyesha mafanikio makubwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1970. Ndiyo hadi leo nguzo ya matibabu ya ugonjwa huu, ingawa haiuponyi. Lakini kufikia wakati huo maradhi ya Bourke-White yalikuwa yamekwenda mbali.

Margaret Bourke-White alifariki dunia Agosti 27, 1971, mjini Stamford, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 67. Alikuwa ameishi na Parkinson kwa karibu miaka 20.

Alichotuachia

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Si ugonjwa wa Wazungu, kama wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanyika katikati ya miaka ya 2000 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliwapitia wakazi zaidi ya 160,000 nyumba kwa nyumba. Wengi wa wagonjwa waliopatikana walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kupewa dawa.

Katika nyumba zetu nyingi, mzee anayetetemeka husemwa kuwa ni uzee, na wakati mwingine husemwa kuwa amerogwa. Anayemuuguza huwa ni binti au mkwe ambaye hakuna aliyemweleza kwa nini baba hatabasamu, kwa nini anasimama ghafla mlangoni asiweze kupita, au kwa nini jana aliweza kushika kikombe na leo hawezi. Asipoelezwa, hudhani ni ukaidi. Akielezwa, ukaidi ule ule anaweza kuugeuza kuwa silaha ya mgonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanamke huyu wa Bronx. Ukaidi wake haukumponya, lakini ulimpa miaka ya kutembea, kuandika na kujieleza. Pamoja na hayo, sehemu nzuri zaidi ya ushindi wake haikuja alipokuwa akifinyanga magazeti peke yake. Ilikuja siku alipoiweka chini kamera, akamwachia mwenzake aipige picha mikono yake ikishindwa.

Wachimbaji wawili wa Johannesburg walijulikana kwa namba hadi yeye alipoteremka mgodini kuwatazama nyuso zao. Miaka tisa baadaye, akiwa ndani ya ugonjwa wake mwenyewe, naye alihitaji mtu wa kuteremka hadi alipo na kumtazama hivyo hivyo.